Goti Langu na Kwata ya Haboba

Koboko, Ijumaa, mwezi wa tisa, 1993

Mvua ilianza alfajiri na imekatika sasa hivi tu, wanaume wakirudi kutoka msikitini wamekunja suruali na viatu wamevishika mkononi. Uwanja wetu wote ni matope. Nimeketi mlangoni, mguu wa kulia nimeuacha unaning'inia kama nilivyoagizwa, sikuuweka juu ya mto. Goti limevimba kidogo na lina joto. Lakini moyo leo ni mwepesi, nataka kuandika kabla mwanangu Rukia hajaamka usingizi wa mchana.

Mimi si mtu wa kusoma sana. Niliishia darasa la sita, na Kiswahili nilikipata zaidi nyumbani na sokoni kuliko shuleni. Lakini haya ni maandishi yangu mwenyewe, hakuna mwalimu atakayekuja kuyawekea alama nyekundu.

Leo nilipiga magoti. Yote mawili, chini kabisa, juu ya mkeka.

Mtu wa mbali ataona ni jambo dogo. Kwetu huku mwanamke anaishi karibu na ardhi. Asubuhi unamsalimia mama mkwe umepiga magoti. Chakula cha wazee unakiweka umepiga magoti. Sigiri iko chini, jiwe la kusagia simsim, yaani ufuta, liko chini, choo ni cha shimo. Na mtoto kama Rukia, ambaye sasa ni mzito na anajua kukimbia, huwezi kumrusha mgongoni kama kichanga. Unashuka chini, unainama, anapanda mwenyewe, unamfunga kwa kitenge, halafu unaamka naye. Mama ambaye hawezi kushuka, mtoto wake anabebwa na watu wengine.

Nimekuwa huyo mama tangu Rukia hajaota jino.

Siku ile tulikuwa tunatoka sokoni kwa baiskeli ya kukodi, mimi nyuma, yeye mgongoni kwangu. Kwenye mteremko mnyororo ukakatika, na kijana aliyekuwa akiendesha akashindwa kuishika. Niliona mawe yanakuja. Ukiwa na mtoto mgongoni hakuna ruhusa ya kuanguka chali, kwa hiyo nilijitupa mbele, goti likatangulia. Rukia hakupata hata mkwaruzo. Alilia kidogo tu kwa sababu kitenge kilimbana.

Hapo sijutii. Ningerudishwa kwenye mteremko ule ningeanguka vile vile.

Mzee anayefunga mifupa alinifunga kwa vijiti na mafuta ya simsim, akafanya alichojua. Mguu ulipona umenyooka kama mchi. Nilitembea nikiurusha pembeni kila hatua, na usiku goti lilikuwa linaniamsha. Mume wangu Juma, ambaye anapakua malori kule Oraba mpakani, alivunja sanduku la mbao lililotupwa na madereva, akanitengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo la choo. Ubaoni kilikuwa na alama nyeusi ya kiwandani ya mshale unaoelekeza juu. Wakwe zangu waliheshimu sana kile kiti, hakuna aliyecheka mbele yangu. Mimi mwenyewe nilicheka, halafu siku nyingine nilikalia pale nikalia.

Mwanzo wa mwaka huu ndipo daktari wa Arua alipopiga picha ya goti. Alisema kile kifuniko cha mbele kimevunjika vipande kama kigae cha chungu, na kila kipande kimeshika njia yake. Nilikuwa nimesikia sokoni kwamba huko Nairobi kuna watu wanabadilishiwa goti zima, wanawekewa la chuma, wanatembea. Nikamuuliza kama anaweza kuniwekea jipya. Hakunicheka. Alisema hapa goti jipya hatuna, tutatengeneza hilihili lako: atatoa vipande na kushona mishipa iliyobaki ishikane.

Halafu akasema neno ambalo nimekaa nalo mpaka leo.

"Mimi nitafanya kazi asubuhi moja. Wewe utafanya miezi. Ukilipumzisha litakauka lilivyo, na hapo hata mimi sitakuwa na kitu cha kukusaidia."

Nilikubali. Maandalizi yalikuwa marefu kuliko kukatwa kwenyewe. Tulitafuta beseni, shuka, sigiri na makaa ya kupikia uani hospitalini, pamba, wembe mpya, glavu. Juma alikwenda kutoa damu. Huyu ni mtu anayebeba gunia la chumvi kichwani akiimba, lakini alipoona chupa inajaa, akawa wa kijivu, wakamlaza karibu na mimi na kumpa soda. Mgonjwa nikawa namfariji mzima.

Kumwachisha Rukia titi ndiko kulikonishinda. Nilipaka maji ya muarobaini. Akaja, akaonja, akaacha, akaniangalia usoni muda mrefu kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu na mtu anayemjua. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Nilimpeleka huku Koboko kwa Haboba. Haboba ndivyo watoto wetu wanavyomwita bibi, na sisi wote tunamwita hivyo hivyo. Ni mama wa Juma, mjane wa askari, mwanamke mrefu anayetembea mgongo umenyooka. Aliwalea watoto wake kambini, na mambo yalipoharibika vitani mwaka wa sabini na tisa aliwavusha mpaka wa nchi kwa miguu na kuwarudisha wote wazima. Alimpokea Rukia kutoka mikononi mwangu, akamfunga mgongoni palepale, akasema:

"Mutoto atakaa na mimi mpaka wewe iko na mguu ya kumubeba."

Aliisema kwa upole. Mimi niliisikia kama mlango unaofungwa kwa komeo.

Siku ya kukatwa walinichoma sindano ya mgongo, nikafa ganzi kuanzia kiunoni. Walining'inizia pazia nisione. Nilisikia daktari na msaidizi wake wakizungumza habari za mpira, nani alikosa penalti, na vyuma vikigongana kwenye trei. Nilikuwa nikirudia jina la mtoto wangu kimya kimya. Nilipotoka mguu ulikuwa ndani ya plasta kutoka pajani mpaka kifundoni, mzito kama si wangu.

Mama yangu alitoka kwake Oli, mtaa wa pale pale Arua, kila jioni na chakula na kulala chini ya kitanda changu. Kitanda cha pili alikuwa Mama Furaha, mfanyabiashara wa mitumba kutoka ng'ambo ya Kongo, aliyevunjika paja. Mwanamke huyo alikuwa na mdomo. Plasta yangu ilipotolewa na mguu ukatokea mwembamba kama wa mtoto, ngozi inatoka kama ganda la kitunguu, nilijifunika shuka kwa aibu. Akasema kwa sauti wodi nzima isikie:

"Onyesha, mama, onyesha. Hiyo mugulu tulijua iko ndani. Kwani ulizani watatoa mukungu ya ndizi?"

Wodi ikacheka, na mimi nikacheka, na shuka likaanguka lenyewe.

Dada wa mazoezi alinikalisha ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, akaweka mkono wake juu ya kifundo na kusukuma taratibu. Nimezaa mtoto, najua maumivu. Haya yalikuwa ya namna nyingine, kama kufungua mlango uliojaa kutu ambao ni mwili wako. Nilikataa. Nilisema kesho. Mama Furaha akasema kutoka kitandani kwake, bila hata kugeuza kichwa:

"Sawa, mama. Kesho ikuje. Huyu mutu akirudi kwake watamutumia kufunga mbuzi, maana iko tayari mti."

Nilimchukia siku hiyo. Goti likakunjika kidogo, kwa hasira.

Waliponiruhusu nilikuwa tayari nakunja hadi mguu unaning'inia vizuri kwenye kiti. Dada wa mazoezi alisema niendelee hivyohivyo kila siku, nishuke chini kidogo kidogo, na hakuna atakayenifanyia. Nikaja Koboko nikiwa na magongo mawili na furaha ya kumwona Rukia.

Hapo ndipo nilipokaribia kulipoteza goti langu, na aliyekaribia kunipotezea ni upendo.

Nieleze. Nyumba ya mgonjwa hapa ni nyumba ya wageni. Watu wanakuja kusema pole, wanakaa mkekani, wanaangalia mguu, wanatikisa kichwa. Mgonjwa anatakiwa awe amelala. Mguu uwe juu ya mto. Mgonjwa akionekana ameshika hata ufagio, wanaosemwa ni wenye nyumba, na zaidi ya wote mama mkwe: huyo anamfanyisha kazi mtoto wa watu na kidonda hakijakauka. Haboba ni mtu wa jina. Amelijenga jina lake tangu kambini, hakuna anayemwambia kitu kibaya juu ya nyumba yake. Basi akanilaza kama yai.

Nilinyoosha mkono kuchukua kikombe, ameshakileta. Nilitaka kushuka kwenye ngazi ya mlango, ananishika kwapa. Kila jioni alichemsha maji, akanikanda kwa kitambaa cha moto na mafuta ya simsim, polepole, mkono wa mama, halafu anafunga goti kwa kitambaa kirefu, mguu umenyooka kabisa, ulale vizuri. Nilipojaribu kupiga magoti kumsalimia asubuhi ya kwanza, alinidaka.

"Wacha. Wewe hapana piga goti. Mimi nimekusamehe."

Nitasema ukweli, kwa sababu hapa nasema na nafsi yangu. Nilipenda. Nilikuwa nimechoka na maumivu. Kukandwa kulikuwa kutamu. Nilijiambia Haboba anajua, ameona wagonjwa wengi kuliko mimi. Na nilipomwona Rukia anapita na kupanda mgongoni kwake bila hata kuniangalia, niligeuza uso ukutani na kujiambia ni sawa, bado naumwa, mgonjwa hana haraka.

Ilipofika siku ya kuonwa tena, nilirudi Arua na Juma. Dada wa mazoezi aliweka mkono, akasukuma, akaacha. Goti lilikuwa limerudi nyuma. Mahali pale nilipokuwa nimepafikia kwa machozi, halikufika tena.

"Nani anakutunza?" akaniuliza.

"Mama mkwe."

"Anakupenda?"

"Sana."

"Basi mwambie apunguze."

Daktari alisema ataliona tena mvua zikiisha. Pale litakapokuwa limefikia kukunjika siku hiyo ndipo litakapobaki maisha yangu yote.

Njiani kurudi, juu ya magunia ndani ya pikapu, nilimwambia Juma azungumze na mama yake.

"Zungumza wewe," akasema.

"Ni mama yako."

"Ndiyo sababu."

Nikaelewa kwamba hapo sitapata msaada. Huyu mtu anaweza kubishana na polisi wa mpakani pande zote mbili, lakini si na yule mwanamke.

Usiniulize nilikuwa na hofu ya nini. Hajawahi kunitukana, hajawahi kunipandishia sauti. Labda ndiyo hofu yenyewe. Mtu akikutendea vibaya unajua pa kuanzia. Mtu anayekuletea chai kitandani, anayekukanda mguu kwa mkono wake, anayemlisha mtoto wako, utamwambiaje kwamba wema wake unakuvunja kwa mara ya pili? Kwetu mkamwana hamrekebishi mama mkwe. Anasubiri aulizwe. Na mimi nikisubiri kuulizwa, mvua zitaisha.

Asubuhi alikuja na chai. Nilikuwa nimeshakaa ukingoni mwa kitanda. Nikashika ukuta, nikaanza kushuka. Akaweka kikombe chini, akanidaka kama kawaida.

"Nimesema nimekusamehe salamu."

Nikamwambia: "Haboba, mimi sitaki kusamehewa. Nidai."

Aliniangalia kama ameanza kuniona wakati ule. Nikamweleza yote, maneno ya daktari, maneno ya dada wa mazoezi, hata lile la kupunguza. Nilieleza kwamba mto na kitambaa vinaufunga mguu. Nilieleza kwamba kushuka kwa ajili ya salamu na kuamka ndiyo dawa niliyoandikiwa, na kwamba nikiwa peke yangu nitaiacha, najijua. Mtu wa kunidai lazima awe yule ambaye siwezi kumnyima.

Akakaa kwenye kiti. Akaanza kuinywa yeye ile chai yangu, taratibu, mpaka nusu.

"Watu watasema nini?"

"Watasema unamtesa mkamwana mgonjwa."

"Na wewe utasema nini?"

"Nitasema asante."

Akamaliza chai. Akafungua kile kitambaa kirefu gotini kwangu, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni mwa gauni lake. Akasema:

"Kesho, saa ya chai. Lakini hapana ndani. Inje, kwa uwanja, karibu na nguzo ya jiko. Kitu ya kuficha ndiyo watu wanasema mbaya."

Ndipo kwata ilipoanza.

Haboba aliishi kambini miaka mingi, na nadhani kila asubuhi alikuwa akiwatazama makuruti wakipigishwa kwata, kwa sababu anajua yote. Anasimama mbele yangu, mikono nyuma, khanga imefungwa kiunoni. Alikunja magunia matupu, akayapanga moja juu ya jingine mpaka yakawa na urefu wa kiti kidogo. Nashika nguzo, napeleka goti bovu juu ya magunia, nashuka.

"Shuka. Simama hapo. Pumua. Wewe hapana kufa. Juu."

Nikiamka anasema, "Salaam aleikum," kama ndiyo kwanza tumeonana, na mimi naitikia, halafu anasema, "Sijasikia salamu ya huyu mutu vizuri. Rudia." Goti likizoea kimo kile, anatoa gunia moja kutoka kwenye rundo na kulitundika ukutani. Naona tu asubuhi kwamba ardhi imenikaribia.

Siku za kwanza nililia. Yeye alitazama juu ya kichwa changu, upande wa barabara, mpaka nimalize. Hakunigusa. Nilijua kwamba kutonigusa kulikuwa kunamgharimu kuliko kunikanda.

Na watu walisema. Jirani yetu Mama Zamzam alisimama kwenye ua, jembe begani, akaangalia mpaka akashindwa.

"Haboba, huyu mutoto ya watu amekosa nini?"

"Amekosa goti," Haboba akasema. "Tunatafuta."

Mama Zamzam alicheka, lakini maneno hayakuishia hapo. Kwenye bomba la maji walisema Haboba amezeeka vibaya, anataka heshima kwa nguvu. Walisema kilema anapigishwa magoti kila siku matopeni. Siku moja wanawake wazima wa mtaa, watu wa rika lake, walikuja wamevaa vizuri kuja kuketi naye kwa heshima na kumwonya. Niliona uso wake walipokuwa wanazungumza. Hakuna aliyewahi kuja nyumbani kwake kwa shughuli ya namna hiyo. Nikajivuta na gongo langu nikaribie, niwaeleze kwamba ni mimi niliyeomba. Akanisimamisha kwa jicho.

"Zubeda, wacha wanywe chai."

Wakanywa, wakaondoka. Hakujitetea hata kwa neno moja. Jioni nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anachambua mchele. Akasema mtu akieleza sana ataonekana ana kosa, halafu akaniambia nisogeze taa, haoni mawe.

Kuanzia hapo sikuomba tena kesho.

Kuna jambo jingine la kukiri. Nilikuwa na wivu juu yake kwa ajili ya Rukia, wivu mchungu. Niliwahi kulala nikifikiria kwamba anafurahi mguu wangu usipone, abaki na mtoto. Sasa namwona kila asubuhi akiutupa mbele ya macho ya mtaa wote ule uzuri wa jina lake, gunia kwa gunia, ili mimi niweze kumchukua mtoto kutoka mgongoni mwake. Nimeona aibu, na nimeiacha iniingie vizuri.

Leo asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha, nikadhani tutapumzika. Haboba akahamishia mkeka chini ya kibanda cha jiko. Nikatafuta magunia kwa macho. Hayakuwepo. Lile la mwisho lilikuwa limetundikwa ukutani pamoja na mengine.

"Haboba, iko wapi?"

"Nini?"

"Gunia."

"Gunia ni ya muhogo."

Nikashika nguzo. Nikashusha goti zima kwanza, halafu lile lingine nikalipeleka polepole, polepole, nikisikia linavuta kama ngozi mpya ya ngoma. Lilisimama mahali pake pa kusimama. Nikapumua bila kuambiwa. Likapita. Nikasikia mkeka chini yake, na ubaridi wa udongo chini ya mkeka. Nikaachia nguzo, nikaweka viganja chini.

"Haboba, umeamkaje?" nikamwambia.

Alitakiwa kuitikia. Hakuitikia. Alikuwa anatazama barabarani, kwenye mvua, ambapo hapakuwa na mtu yeyote.

Nilikuwa bado niko vile, mikono na magoti chini, nikiogopa kusogea lisije likabadilisha mawazo, nikasikia miguu midogo nyuma yangu. Rukia alikuwa ametoka kitandani. Sijui aliona nini. Labda hakuniona mimi, aliona mgongo tu. Watoto hawana maswali mengi, mgongo ukiwa chini ni wa kupandwa. Akanishika gauni, akapanda. Akalaza shavu lake la moto katikati ya mabega yangu, mikono yake ikanizunguka shingo.

Haboba alinyoosha mikono haraka amtoe. Nikamwambia, "Mwache." Ni mara ya kwanza nimempa Haboba amri. Akarudisha mikono nyuma.

Rukia akanigonga kwa visigino ubavuni.

"Zube, twende."

Haniiti mama. Ananiita jina ambalo anasikia watu wakiniita. Haidhuru. Zube ni mimi.

Nilijaribu. Mguu mzima ulipanda, ule mwingine ukatetemeka mpaka meno yangu yakagongana, nikarudi chini. Nikajaribu tena nikishika nguzo. Nikarudi chini. Haboba akasema leo basi, kwa sauti ndogo ambayo si ya kwata. Rukia alisubiri kidogo, akaona huyu ng'ombe haondoki, akashuka na kukimbilia kwenye dimbwi la maji. Hakukasirika. Mimi pia sikuhuzunika, na hilo ndilo lililonishangaza. Nilibaki pale chini muda kidogo kwa sababu mgongo wangu ulikuwa bado una joto lake.

Sasa nimekaa hapa mlangoni nafikiri. Daktari anataka goti linalokunjika, na goti limekunjika. Akija kuliona mvua zikiisha atafurahi. Haboba alitaka salamu, amepata, ingawa bado namdai itikio. Lakini Rukia anataka zaidi ya daktari. Yeye hajali kukunja. Anataka kwenda.

Nimemwambia Haboba kesho tuanze kuamka na mzigo. Nilisema tutumie beseni la unga mgongoni, dogo, halafu kubwa. Alifikiri, akasema beseni litamwagika, tutumie magunia yale yale, safari hii yakiwa na muhogo ndani. Ameshaenda kuyatoa ukutani.

Namsikia Rukia anageuka kitandani. Ataamka na njaa.

Mvua inarudi tena. Irudi tu, isiwe na haraka ya kuisha. Bado nina kazi nayo.